Kura Moja Dhidi ya Mia Nne na Ishirini

Hasira hasara, walinena wahenga. Methali hii ni nyepesi kutamka wakati nyoyo zimetulia. Uzito wake hudhihirika pale taifa zima linapolia, na yeyote anayethubutu kuitamka akaonekana kuwa msaliti wa nduguze. Mnamo tarehe 14 Septemba 2001, siku tatu baada ya ndege zilizotekwa nyara kuwaangamiza takriban watu 3,000 huko New York, Washington na Pennsylvania, Bunge la Marekani lilipiga kura juu ya azimio la kumruhusu Rais George W. Bush kutumia nguvu za kijeshi. Katika Seneti, maseneta 98 waliunga mkono na hapana aliyepinga. Katika Baraza la Wawakilishi, 420 waliunga mkono. Aliyepinga alikuwa mmoja tu: Barbara Lee, mwakilishi wa Oakland, California.

Je, mama huyu hakuuona uchungu wa wenzake? La hasha. Siku iyo hiyo alikuwa ameunga mkono kutengwa kwa dola bilioni 40 za kukabiliana na janga hilo na kuwafaa waathiriwa. Msaidizi wake mkuu ofisini alikuwa amefiwa na binamu yake, mhudumu wa ndege iliyoanguka Pennsylvania. Babake Lee mwenyewe alikuwa afisa mstaafu wa jeshi. Si haki, basi, kumchukulia kama mtu aliyezungumza kutoka mbali, asiyejua msiba wala sare ya askari.

Adhuhuri ya siku hiyo paliandaliwa ibada ya maombolezo katika Kanisa Kuu la Kitaifa jijini Washington. Lee alisita kuhudhuria, kisha akaabiri basi la wabunge dakika za mwisho. Huko alimsikia kiongozi wa kanisa akiomba kwamba katika kulipiza, watu wasije wakageuka kuwa mfano wa uovu ule ule wanaoulaani. Maneno hayo yalimwingia. Aidha, Lee alikuwa amesomea saikolojia na kazi za ustawi wa jamii, na baadaye alieleza kwamba taaluma hiyo ilimfunza jambo moja la msingi: mtu aliyezama katika majonzi hafai kukata shauri zito.

Usiku alisimama ukumbini huku sauti ikimtetemeka, akazungumza kwa muda wa dakika mbili hivi. Aliyarejelea maombi aliyoyasikia kanisani, akawasihi wenzake wajizuie kidogo na kuyapima matokeo ya hatua waliyokuwa wakiichukua. Hoja yake ilikuwa ya kisheria pia. Kiini cha azimio lenyewe kilikuwa sentensi moja yenye maneno 60 kwa Kiingereza. Sentensi hiyo ilimpa Rais idhini ya kutumia nguvu zote alizoona zinafaa dhidi ya mataifa, makundi au watu ambao yeye mwenyewe angeamua kuwa walihusika na mashambulizi hayo au waliwapa wahusika hifadhi. Hakikutajwa kikomo cha muda. Haikutajwa nchi. Kwa Lee, hiyo ilikuwa sawa na kutia saini waraka mtupu na kumwachia mwingine aujaze.

Ni vyema kuwatendea haki wale 420. Nchi yao ilikuwa imeshambuliwa, na wengi waliamini kwamba umoja ulikuwa ngao ya kwanza. Isitoshe, viongozi wa Bunge walikuwa wamekwisha kukataa rasimu pana zaidi iliyotoka Ikulu, hivyo wakadhani kamba imekatwa ikawa fupi vya kutosha.

Lee aliijua njia aliyoipita. Katika hotuba yake alimtaja Seneta Wayne Morse wa Oregon. Mwaka 1964, Morse na Ernest Gruening wa Alaska ndio maseneta wawili pekee waliopinga Azimio la Ghuba ya Tonkin, lililomfungulia Rais Lyndon Johnson mlango wa vita vya Vietnam. Wote wawili walipoteza viti vyao mwaka 1968. Kabla yao, Jeannette Rankin wa Montana alikuwa peke yake mwaka 1941 alipokataa vita dhidi ya Japani, siku moja baada ya shambulio la Pearl Harbor.

Malipo ya Lee yalikuja upesi. Alitukanwa, akaitwa msaliti, na vitisho vya kuuawa vikamlazimu kuishi chini ya ulinzi wa polisi. Hata hivyo, babake alimpigia simu kumwambia kwamba alikuwa amepiga kura ifaayo, nao wapigakura wa Oakland walimrudisha bungeni mwaka 2002 na katika kila uchaguzi aliowania kiti hicho, hadi alipoondoka Januari 2025.

Wakati ndio uliokuwa mwamuzi. Vita vya Afghanistan, vilivyoanza Oktoba 2001, vilidumu hadi Agosti 2021. Marais wa vyama vyote viwili waliitumia sentensi ile ile kuhalalisha mashambulizi katika nchi kadhaa, ikiwamo Somalia, dhidi ya Al-Shabaab, kundi ambalo halikuwapo kwa jina hilo Bunge lilipopiga kura. Mwaka 2017, kamati ya matumizi ya fedha ilikubali pendekezo la Lee la kuifuta idhini hiyo, lakini likaondolewa kabla ya kufika mbele ya Baraza zima. Alipotoka bungeni, sheria hiyo ilikuwa bado hai.

Kwa Mkenya, mambo haya si ya mbali. Tarehe 7 Agosti 1998, al-Qaida hao hao waliulipua ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, na zaidi ya watu 200 wakapoteza maisha. Nairobi inaijua ladha ya ghadhabu hiyo. Ndiyo maana kifungu cha 95 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kinacholikabidhi Bunge la Kitaifa jukumu la kuidhinisha tangazo la vita, hakifai kusomwa kama utaratibu wa karatasi tu. Kinamtaka mbunge aulize maswali yale yale: vita hivi ni dhidi ya nani, wapi, hadi lini, na nani atakayevikomesha?

Kura ya Lee haikuzuia chochote usiku ule. Iliacha ushahidi katika kumbukumbu rasmi za Bunge kwamba swali liliulizwa mapema, wakati jibu lake lilipokuwa lingali katika mikono ya waliolikwepa. Majuto ni mjukuu; huja baadaye.