Ukiulizwa, usione haya

Juma lililopita tulimpeleka mama yetu hospitalini, hapa Bukavu, munganga amwangalie tumbo kwa mpira wenye kamera. Muuguzi akauliza: "Usiku anakoroma?" Tukatazamana kwa haya. Mama mwenyewe akacheka: "Nakoroma, hata majirani wanajua!"

Basi wakamfuta rangi ya kucha, maana inaweza kudanganya kile kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni. Wakamwekea oksijeni puani kabla ya dawa ya usingizi.

Baadaye muuguzi alitueleza: katikati ya kazi namba ilishuka hadi 89. Wakamwinua kidevu, wakaongeza oksijeni, ikarudi 96.

Dada zetu, anayekoroma njia yake ya hewa huziba upesi akilazwa kwa dawa. Tuseme mapema.