Mlango wa Mahabusu

Walimu wa uraia, kila wafikapo kwenye sura ya uwajibikaji, hawakosi kumtaja Ali Hassan Mwinyi. Husema kwamba mwezi Januari 1977 alijiuzulu Uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa makosa ya watu wa chini yake, na kwamba mwaka 1985 akawa Rais. Kisa hicho ni cha kweli, nasi twakipenda. Ila sisi tuliozaliwa Usukumani hukereka kidogo kinaposimuliwa hivyo, kwani huanzia mwishoni. Waziri yumo, waliokufa hawamo.

Mwanzo wake ni huu. Katika Mikoa ya Mwanza na Shinyanga (Geita wakati ule ilikuwa wilaya ya Mwanza, mkoa imekuwa mwaka 2012) watu walikuwa wakiuawa kwa imani za uchawi, hasa vikongwe. Macho mekundu ya bibi aliyepika miaka hamsini kwenye moshi wa samadi yalitosha kuwa ushahidi. Kulinyamazia jambo hilo Serikali isingeweza. Basi mwaka 1976 polisi na maofisa wa usalama wakawakamata watu kwa mamia, wakawahoji kwa mateso, na baadhi yao wakafia mikononi mwao.

Tulikuwa watoto wadogo. Twakumbuka shikome, moto wa jioni wanapoota wanaume, jinsi mazungumzo yalivyokatika ghafla tulipouliza habari za jirani mmoja aliyechukuliwa.

"Guku, amekosa nini?"

"Hilo ndilo walilokwenda kumwuliza," babu akajibu, akachochea moto.

Pamoja na Mwinyi walijiuzulu waziri mwenzake na wakuu wa mikoa hiyo miwili. Baadhi ya maofisa nao walishtakiwa, wakatiwa hatiani na kufungwa. Hayo yalikuwa makubwa, wala si nchi nyingi zilizothubutu kuyafanya. Lakini tujiulize: mateso yale yalizaa nini? Vikongwe waliendelea kuuawa kwa miongo kadhaa baadaye. Mtu anayepigwa hutoa maneno, na maneno hayo huwa yale anayotaka kuyasikia mwenye fimbo. Muuaji halisi, huko aliko, hulala usingizi.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 iliweka saa nne kuwa muda wa kawaida wa kumhoji aliye kizuizini. Sheria ya Ushahidi ya 1967 haiyapokei maungamo yaliyopatikana kwa vitisho vinavyoweza kumfanya mtu akiri uongo. Katiba nayo, tangu marekebisho ya 1984, yakataza mtu kuteswa. Wapo waonao kuwa huko ni kuwabembeleza wahalifu. Katika machimbo ya dhahabu tumewasikia sana: mtu aliyeibiwa jasho lake hutaka mshukiwa aseme kabla jua halijatua. Uchungu wake twauelewa. Hata wa mwaka 1976 walikuwa na uchungu wa haki.

Zamani tulipokuwa karani wa mahakama ya mwanzo, aliletwa kijana aliyesemekana yu tayari kuungama. Hakimu, ambaye kisheria ndiye pia mlinzi wa amani, alimwomba askari atoke, akafunga mlango mwenyewe. Karatasi zilikuwa tayari mezani. Hakuzigusa.

"Mwanangu," akasema, "vua shati kwanza, niuone mgongo wako."