Ndoa ya siri kwenye deki ya dingi

Mwenzenu Desemba iliyopita nilikwenda kwetu Kahe na mzigo usioingia kwenye begi. Miezi minne kabla nilikuwa nimefunga ndoa bomani, na dingi hana habari.

Siku ya pili ya Krismasi akanitaka nijaribu deki yake ya zamani, iliyokaa juu ya kabati miaka nenda rudi. Kwenye boksi la mikanda aliyouziwa na mzungu mmoja aliyekuwa akihama Moshi, katikati ya Bruce Lee, nikakuta mkanda wa opera ya Kiitaliano: Il matrimonio segreto, yaani Ndoa ya Siri. Moyo ukapiga paa!

Opera ni mchezo wa kuigiza ambao watu hata wakigombana, wanagombana kwa kuimba. Muziki wa huu aliutunga Domenico Cimarosa, mtoto wa fundi mwashi kutoka karibu na Naples. Ulioneshwa kwanza Vienna, Februari 7, 1792, miezi miwili tu baada ya Mozart kufa. Inasimuliwa kwamba Kaisari Leopold II alinogewa hadi akawalisha waigizaji, kisha akaamuru warudie wote usiku uleule! Leo Mozart kila mtu anamjua. Cimarosa nani anamtaja?

Dingi masikio yamepungua, na maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza. Ikabidi nitafsiri kwa kupaza sauti, majirani wakajaa mlangoni. Tajiri Geronimo, naye mzito wa kusikia, anataka kuoza binti kwa mtu mwenye cheo. Hajui kwamba binti mdogo, Carolina, ameshaolewa kwa siri na karani wake, Paolino. Mwenye cheo anafika, anamkataa dada mkubwa, anamtaka huyohuyo Carolina. Shangazi naye anamtaka Paolino. Kasheshe!

Dingi alicheka hadi fimbo ikamdondoka. "Kijana huyo mjinga," akasema. "Angesema mapema, yote haya yasingekuwepo."

"Kama mzee ni mkali je, baba?"

"Ukali unapita. Kufanywa mpumbavu nyumbani kwako hakupiti."

Mwishoni wanakamatwa usiku wakitoroka, wanaungama, mzee anawasamehe. Majirani wakapiga makofi, wakaondoka. Mimi nikabaki narudisha mkanda nyuma, mikono inatetemeka. Nikamwambia.

Alinyamaza mpaka mkanda ukafika mwanzo. "Mtoto wa nani?" Nikamtajia. "Wazazi wake wanajua?" Wanajua. Hapo ndipo alipokasirika hasa: "Kumbe Geronimo ni mimi peke yangu!"

Hakunisamehe palepale kama kwenye opera. Alikwenda kulala bila kuniaga. Asubuhi nikamkuta kibarazani. Akasema nimlete mkwe wake kabla ya Pasaka, na mbege itapelekwa kwao kama desturi, bomani au si bomani.

Washikaji wenye cheti chini ya godoro, semeni. Msisubiri deki iwasemee.