Rizimu na milisekunde kumi

Haya wadau, nimerudi. Najua nimepotea karibu mwezi mzima, na kuna watu wameanza kunisimamisha kwenye korido kuniuliza kama nimedisco. Sijadisco bwana, bado nipo nipo. Kulikuwa na majaribio mawili, kulikuwa na ripoti ya mazoezi ya kufundisha, halafu kulikuwa na ile shughuli ya kuwaaga mwaka wa tatu ambayo wengi wenu mlikuwepo na mlisikia wenyewe gitaa langu lilivyotoa sauti. Wengine mmekuwa wapole, mmekaa kimya. Wengine (mnajijua) mmeniita "Bomba" wiki tatu mfululizo. Leo naeleza mwenyewe.

Kwa wasiojua, kikundi chetu kilikuwa cha watu watano: ngoma, besi, kinanda, na magitaa mawili. Mimi napiga solo. Wa pili tunamwita Rizimu, mpaka wahadhiri nadhani hawajui jina lake. Muhula uliopita Rizimu akaahirisha mwaka. Baba yake anaumwa, yeye ndiye mkubwa, shamba la mpunga halimsubiri mtu amalize shahada. Tulimsindikiza stendi na begi lake na gitaa lake kavu, akapanda basi la Ifakara, tukarudi bwenini tukiwa wanne.

Mazoezi ya kwanza bila yeye yalikuwa aibu. Si kwamba nilikuwa nakosea. Nilikuwa napiga vilevile, lakini kila nikiacha nafasi palikuwa na shimo. Aliyekulia kwenye nyumba yenye kanda za Sikinde ananielewa. Muziki wa dansi haujengwi na gitaa moja. Kuna solo, kuna la pili linalomjibu, kuna rizimu, na yote yanasukana mpaka huwezi kusema ni nani kapiga nini. Ukitoa uzi mmoja kwenye mkeka, unaona sakafu.

Roommate wangu ndiye aliyenipa dawa. Akasema, "Oya, weka dilei fupi, sterio. Gitaa moja litasikika mawili." Nilikuwa na pedali moja ya mtumba yenye matundu mawili ya kutolea sauti, kushoto na kulia. Kushoto unatoa gitaa kama lilivyo, kulia unatoa nakala ileile iliyocheleweshwa kidogo sana. Nikajaribu kwenye hedifoni milisekunde 10. Jamani! Gitaa likafunguka likawa pana kama mlango wa ghala. Lilikuwa halipo tena katikati ya kichwa, lilikuwa pande zote mbili, nene, limeshiba. Nikacheka peke yangu saa saba usiku.

Sasa hapa niwarudishe darasani kidogo, mtanisamehe, ndiyo kazi tuliyokuja kusomea.

Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha niliwafundisha wanafunzi mwangwi. Mnaikumbuka hesabu yake: ili usikie mwangwi peke yake, sauti inatakiwa irudi baada ya kama sekunde 0.1, kwa hiyo ukiwa na mwendo wa mita 340 kwa sekunde ukuta uwe mbali angalau mita 17. Nikaandika ubaoni, nikafurahi. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, na ukuta ukiwa karibu, sauti hairudi?" Nikasema inarudi. "Sasa inakwenda wapi?" Nikamwambia nitalijibu kipindi kijacho. Si mnajua maana yake pale mwalimu anaposema hivyo.

Jibu lake ndilo lilikuwa kwenye pedali yangu. Sauti inarudi, ila sikio haliihesabu kama ya pili. Inaunganishwa na ile ya kwanza, na mwelekeo unaamuliwa na iliyotangulia. Mjerumani mmoja, Helmut Haas, aliandika tasnifu yake ya udaktari kuhusu jambo hilihili huko Göttingen mwaka 1949. Aligundua kwamba nakala iliyochelewa kati ya milisekunde 5 na 30 hivi inaweza hata kuwa na nguvu kuliko ya kwanza, kufikia kama desibeli 10 zaidi, na bado msikilizaji akaona sauti inatoka upande wa ile iliyotangulia. Ndiyo maana gitaa langu mwanzoni lilikuwa linavutwa kushoto, ikabidi nipandishe kulia kidogo ndipo likakaa sawa.

Ukicheza na namba utaona. Chini ya milisekunde moja gitaa halinenepi, linasogea tu upande mmoja. Kati ya 10 na 25 ndipo penye utamu. Ukipita 30 au 40, kwa gitaa la kudonoa nyuzi, unaanza kusikia mdonoo mara mbili, ka-ka, ka-ka, kama mtu anayekuigiza nyuma yako. Milisekunde 10 ni sawa na sauti kutembea mita 3.4. Nikawa nawaza: ni kama Rizimu kasimama hatua chache pale, anapiga ninachopiga. Nikawaambia wenzangu tatizo limekwisha. Namba yake sikumtumia siku zile wala sikumpigia. Nasema ukweli.

Basi siku ya shughuli. Bwalo limejaa, mwaka wa tatu wamevaa wakavaa, spika mbili kubwa zimesimama mbele. Nikachomeka waya zangu mbili kwenye mikisa, kwa majivuno kabisa, fundi akanitazama akasema poa. Wimbo wetu wa kwanza uko kwenye D. Nikapiga uzi wa D mtupu...

Mlisikia. Kama gitaa limetumbukizwa kwenye bomba la maji. Nyembamba, lina tundu katikati. Nikapandisha sauti, likazidi kuwa bovu. Nikapita kwenye G, hiyo ikaruka na kupiga kelele kuliko zote. Nikaja kwenye B, ikazama. Nikadhani nyuzi, nikadhani waya, nikadhani nimerogwa. Nyimbo tatu nzima nimepiga hivyo, jasho linanitoka, na katikati ya wimbo wa pili, pale ambapo Rizimu huwa anaingia peke yake baa nne, nikaingia mimi na bomba langu.

Fundi hana kosa hata kidogo. Bwalo lile, kama mabwalo mengi, linaendeshwa mono: spika zote mbili zinatoa kitu kimoja, ili aliyekaa pembeni kushoto asikose kilichopo kulia. Kwa hiyo kushoto kwangu na kulia kwangu vilikutana ndani ya mikisa vikawa waya mmoja. Kwenye hedifoni nakala mbili hazikutani kamwe, kila sikio lina yake. Zikikutana, zinakulana.

Usiku ule sikulala, nikakaa na kalamu. Chukua milisekunde 10. Wimbi lolote ambalo ndani ya muda huo linakuwa limepita nusu mzunguko, au mzunguko mmoja na nusu, au miwili na nusu, nakala yake inakuja kinyume: moja inasukuma, nyingine inavuta. Mashimo yanaangukia hezi 50, 150, 250, 350 na kuendelea kila baada ya 100. Sasa tazameni gitaa. Uzi wa D ni hezi 147 hivi. Uzi wa B ni 247. Vyote viwili vimeingia shimoni mzimamzima! G ni 196, jirani kabisa na 200, ambapo mawimbi yanaongezana na sauti inakuwa kama maradufu. Na ile sauti nyembamba ya D: hezi 147 zimezama lakini pacha wake wa juu, 294, yuko salama, kwa hiyo D inabaki na kichwa bila kiwiliwili. Ningekuwa nimeambiwa nichague namba ya kuharibu wimbo wa D, nisingepata nzuri kuliko 10.

Hesabu ilitoka sawa mpaka nikaona raha, halafu nikakumbuka aibu, raha ikaisha.

Kwa wanaopiga, tiba zipo. Kwanza, kabla hujapanda jukwaani, bonyeza mono usikilize. Simu yenye spika moja inatosha kukuambia ukweli. Pili, kama lazima uende mono, punguza nakala. Ikiwa chini ya gitaa lenyewe kwa desibeli 10, shimo linakuwa la desibeli 3 hivi tu, halimuui mtu, na ukiikata nakala makali ya juu haitagombana na donoo zako. Unene unapungua, lakini unabaki na gitaa. Tatu, unaweza kuufanya ucheleweshaji uwe unatikisika, usikae namba moja, ili mashimo yahamehame. Amplifaya ya Roland JC-120 ya mwaka 1975 ilijengwa na spika mbili kwa kazi hiyo, moja inatoa gitaa safi na nyingine nakala inayotikisika, zinakutana hewani tu. Na pale Abbey Road mwaka 1966, fundi Ken Townsend alitengeneza nakala ya namna hiyo kwa mashine za tepu kwa sababu Beatles walikuwa wamechoka kuimba sauti zao mara mbili mbili.

Hilo la mwisho ndilo lililonigonga. Kumbe watu wote hawa wanaiga kitu kimoja: mtu wa pili. Au mtu yuleyule akirudia.

Nikampigia Rizimu. Tulizungumza baba kwanza, kwa muda mrefu. Anakaa vizuri siku mbili, ya tatu analala. Kisha nikamsimulia bomba, akacheka mpaka simu ikakatika. Akapiga tena. Akasema, "Sasa si ungeniambia, ndugu yangu?"

Nikamtumia sehemu yangu kwa WhatsApp. Akaisikiliza kwa simu yake, kipande kimoja cha iafoni sikioni, na simu ya dada yake ikamrekodi na gitaa lake kavu. Nikaifungua kwenye Audacity, mimi kushoto, yeye kulia, nikavuta mwanzo ukakaa sawa. Kisha nikaanza kupima tofauti, donoo kwa donoo, kwa upuuzi wangu. Hapa katangulia milisekunde 15. Hapa kachelewa 28. Hapa tumekutana kabisa. Hapa kachelewa 40 na bado inapendeza, sijui kwa nini. Nikabonyeza mono. Hakuna shimo la kudumu popote. Mawimbi yetu yanapishana bila mpangilio, hayana muda wa kukubaliana yazame wapi. D ipo na kiwiliwili chake.

Sauti ya rekodi si safi, kuna kuku na kuna mtu anatwanga, na kwenye baa ya tatu ya kile kipande chake baba yake anakohoa. Nimejaribu kumwondoa kikohozi nikashindwa, na sasa sitaki.

Binti wa dawati la nyuma bado namdai jibu, au tuseme yeye ndiye ananidai. Nimeshamwandikia mwalimu wake, atampelekea.

Mwenye nafasi Jumamosi aje chumbani asikilize, chai ipo, sukari mje nayo kwa sababu bumu halijaingia. Aliye na hedifoni aje nazo. Asiye nazo aje na simu yake tu.