Mchicha wa barabarani ulinisomesha, leo naogopa kumlisha mwanangu

Najua mmezoea kuja hapa kujua nani kaachana na nani. Leo sina umbea wa mastaa. Leo namsema mama yangu mzazi, ila jina simtaji, maana huwa anasomewa na mdogo wangu.

Sisi ni watu wa Lusahunga, Biharamulo. Malori ya Dar yanayoenda Rwanda na Burundi yanatupitia usiku na mchana, yanaelekea Benaco kule Ngara, halafu Rusumo au Kabanga. Mama ana bustani ya mchicha hatua chache tu kutoka kwenye lami, na wateja wake ni mama ntilie wanaowapikia madereva. Mchicha huo ndio ulioninunulia sare na madaftari mpaka nikamaliza form four. Kwa hiyo msinione sina shukrani.

Shida ilianza binti yangu alipoanza kula. Siku moja nikaosha mchicha kwenye beseni jeupe, maji yakawa meusi. Jamani, udongo wa kwetu ni mwekundu! Weusi huo umetoka wapi?

Nikaingia kwenye simu kusoma. Kumbe si moshi tu. Tairi likisagika kwenye lami linaacha vumbi lenye zinki. Breki, hasa kwenye miteremko kama ule wa kushuka Rusumo, zinatoa shaba na chuma. Halafu kuna risasi, si ya bunduki, ile ya kwenye betri. Zamani iliwekwa hadi kwenye petroli. Nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani mwaka 2021. Lakini risasi haiozi. Iliyotua kwenye udongo ipo tu, na kwa mtoto inaharibu ubongo taratibu bila hata homa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Msidhani ni maneno ya wazungu. Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya mboga zilizopimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi, Dar, na metali hizo zilikutwa humo.

Nikamwambia mama. Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, mbona wewe ulikula na hukufa?" Nilikosa jibu. Bustani yetu haijapimwa, na mimi si daktari. Nikamwambia tu, "Mama, mimi sijui nilipoteza nini. Huyu tusimjaribie."

Alininunia siku mbili. Ya tatu nikamkuta analima nyuma ya nyumba, mbali na barabara, maana vumbi linapungua kadiri unavyosogea. Mbele tumeacha meza ya kuuzia tu, na mboga tunazifunika kitambaa kibichi. Wateja walipungua kidogo, wakarudi.

Wadau, kuosha kunatoa vumbi la juu, hakutoi kilichoingia kwenye jani. Na nyie mnaoanika makopa pembeni ya lami, nawaona! Sogezeni mkeka uani.

Kwenu bustani iko wapi? Niambieni hapo chini, na msimtukane mama yangu.