Juu ya Kuchagua Injini ya Chombo

Wageni hustaajabu wakisikia ya kuwa sisi watu wa Tabora, tukaao mbali na maji makuu, twajadiliana habari za vyombo. Lakini tangu zamani za misafara Unyamwezi umeshikana na Ziwa Tanganyika. Wapagazi wa kwetu walichukua mizigo toka Bagamoyo hata Ujiji. Kisha mwaka 1914 reli ikafika Kigoma, na kwa njia hiyo dagaa wa ziwani huja mpaka sokoni kwetu. Ndugu zetu wengine wamelowea huko. Basi wa ukoo wetu walikusanya fedha wanunue mashua ya mbao, ichukue abiria na dagaa toka vijiji vya kandokando ya ziwa hata Ujiji. Wakatuita, wakasema, "Mwalimu, wewe wafundisha habari za vyuma na moto. Tupe shauri: injini iwe ya nje au ya ndani?"

Fedha ile haikuwa ya kuchezewa. Ilikuwamo bei ya tumbaku na asali ya msimu mzima, na mama mmoja mjane alikuwa ameuza ng'ombe wake wawili.

Injini ya nje hupachikwa nyuma, juu ya ubao wa tezi. Yenyewe ndiyo injini, ndiyo rafadha, ndiyo usukani. Chombo kikikaribia mchanga, rafadha huinuliwa isivunjike. Na usiku mwenyewe huifungua akaipeleka nyumbani, maana wezi huipenda sana. Lakini hula petroli nyingi, na zile za namna ya zamani hutaka petroli ichanganywe na mafuta ya injini kwa kipimo. Mvivu wa kupima huiua upesi. Tena uzito wake wote uko tezi, na katika mawimbi makubwa rafadha huweza kutoka majini ikazunguka bure.

Injini ya ndani hukaa chini katikati ya chombo, nayo mara nyingi ni ya dizeli. Huzunguka polepole, hudumu miaka mingi, hula mafuta machache, wala dizeli haishiki moto upesi kama petroli. Uzito wake huwa chini, na rafadha yake huzama sana, hata chombo hutulia upepo wa kusini uvumapo. Lakini hunyang'anya nafasi ya mizigo. Na mhimili wake hupita katika tundu lililotobolewa chomboni, tundu litakalo kuangaliwa kila siku maji yasiingie. Nayo ikifa, chombo kizima hulala.

Mzee mmoja alishika upande wa injini ya ndani, akaleta mfano wa Liemba. Meli hiyo iliundwa Ujeremani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikashushwa majini Kigoma mwaka 1915. Wajeremani walipoizamisha wenyewe mwaka 1916, mafundi wake walizipaka injini grisi kwanza. Ilipoinuliwa mwaka 1924 injini zilikuwa zingali nzima, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena. Injini zile za mvuke hazikuondolewa hata miaka ya 1970, zilipowekwa za dizeli. "Injini ya nje gani itaishi hivyo?" akauliza.

Neno lake lilikuwa kweli. Ila tulimjibu kwa heshima, "Baba, Liemba ina wahandisi wake na gati la kufungia. Mashua yetu itakuwa na kijana mmoja na ufuko wa mchanga." Vijana wakafurahi, wakataka injini ya nje ya farasi 40, kwa ajili ya mbio. Nao tukawazuia.

Tuliwakumbusha njia ya babu zetu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kilo 30 hivi, na kitu kizito kiligawanywa. Ndivyo mashua ya Stanley, Lady Alice, ilivyofika Ujiji mwaka 1876, vipande vipande mabegani mwa watu. Injini ya nje ya farasi 15 ina uzito wa kilo 40 hivi: watu wawili huichukua kwa mti, ikapanda gari la moshi hata kwa fundi, na mashua ikabaki kuvuta kwa makasia. Ile ya farasi 40 hukaribia kilo 75, nayo hunywa petroli kupita faida ya dagaa.

Mwisho walikubali ya farasi 15, na fedha iliyobaki ikanunua majaketi ya kuokolea, vipuri na makasia manne. Mama yule mjane aliuliza neno moja tu: ufunguo wa ghala la injini utakaa kwa nani? Wakampa yeye.

Nanyi wasomaji, mkitaka kununua, ulizeni kwanza: chombo kitafunga gatini au mchangani? Kitachukua mzigo mzito mwendo mrefu, au watu wachache mwendo mfupi? Na ikiharibika, fundi yuko wapi? Mkiisha kujibu hayo, ndipo mwende dukani. Chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Lakini nyenzo ichaguliwe kwa kazi yake na kwa mkono utakaoitunza.