Alama Mia Moja Alizonyimwa Susan Polgar

Kila muhula, nifikapo kwenye mada ya kanuni na haki katika utawala wa umma, huwaweka kando wanafalsafa kwa muda nikawasimulia wanafunzi wangu habari za sataranji, mchezo ambao vijana huuita chesi. Baadhi yao hudhani nimepotea njia. Hutulia wanapong'amua kwamba ninachokisimulia hakikuamuliwa kwa kete, bali kwa kikao.

Mwaka 1986 Shirikisho la Kimataifa la Sataranji, FIDE, liliamua kuwaongezea wachezaji wanawake alama 100 za ubora. Hoja ilikuwa kwamba wanawake walizoea kushindana wao kwa wao, kwa hiyo alama zao zilikuwa chini ya uwezo wao halisi. Hoja hiyo ina mantiki. Lakini mmoja aliachwa: Susan Polgar wa Hungaria, binti wa miaka 17, ambaye tayari alikuwa mwanamke anayeongoza duniani. Ikaelezwa kwamba yeye alicheza zaidi na wanaume, hivyo alama zake hazikuhitaji marekebisho. Orodha ya Januari 1987 ilipotoka, alikuwa ameshushwa kutoka kileleni.

Huwauliza wanafunzi: dhuluma iko wapi hapa? Kanuni ilikuwa na sababu yake, imeandikwa kwa lugha safi, na pengine waliopiga kura walirudi makwao wakiamini wamewatendea wanawake wema. Lakini matokeo yake ni kwamba waliobaki uani walituzwa, na aliyethubutu kuingia sebuleni akatozwa faini kwa kuthubutu kwake.

Sebule hiyo ilikuwa na wivu wa muda mrefu. Vera Menchik, mzaliwa wa Moscow, alitwaa ubingwa wa kwanza wa dunia wa wanawake mjini London mwaka 1927. Miaka miwili baadaye alialikwa Carlsbad, katika Chekoslovakia ya wakati ule, kucheza na vigogo wa kiume. Mmoja wao, Albert Becker, alifanya mzaha kwamba yeyote atakayefungwa na mwanamke huyo aandikishwe katika klabu yenye jina lake. Mwanachama wa kwanza akawa Becker mwenyewe. Baadaye aliingia pia Max Euwe, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1935.

Mdogo wake Susan, Judit, alikwenda mbali zaidi. Hakuwahi kuwania ubingwa wa dunia wa wanawake. Mwaka 1991, akiwa na miaka 15, alipata hadhi ya ugrandimasta na kuivunja rekodi ya umri mdogo iliyowekwa na Bobby Fischer mwaka 1958. Mwaka 2002 alimfunga Garry Kasparov. Mwaka 2005, katika mashindano ya San Luis, Argentina, yaliyoamua nani awe bingwa wa dunia, alikuwa mwanamke pekee kati ya wachezaji wanane. Alishika nafasi ya mwisho, lakini alikaa pale kwa haki yake, si kwa kukaribishwa.

Wapo watakaosema: mbona ni mmoja tu? Mwaka 2009 watafiti walichapisha uchambuzi wa wachezaji zaidi ya laki moja wa Ujerumani, ambako kwa kila mwanamke mmoja kulikuwa na wanaume wapatao 16. Walikokotoa kwamba asilimia 96 ya pengo kati ya vinara wa pande mbili ilitokana na tofauti hiyo ya idadi. Wapo wataalamu walioipinga hesabu hiyo, na mjadala haujafungwa. Hata hivyo mantiki yake inafaa kuzingatiwa. Tupa nyavu 16 mashariki mwa ziwa na wavu mmoja magharibi. Samaki mkubwa kuliko wote huenda akavuliwa mashariki, wala hilo halisemi lolote kuhusu maji ya magharibi.

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja wa kike alinyoosha mkono. “Dokta, kama ni hivyo, kwa nini mashindano ya wanawake yasifutwe?” Darasa likagawanyika, na haikupita dakika kabla mtu hajataja viti maalumu.

Jibu langu ni kwamba ngazi haivunjwi kwa sababu wapo waliopanda bila ngazi. Mwaka 2025 Divya Deshmukh wa India, akiwa na miaka 19, alishinda Kombe la Dunia la Wanawake mjini Batumi, Georgia, na ushindi huo ukampa ugrandimasta moja kwa moja. Mlango maalumu ulimfikisha kwenye hadhi ile ile wanayoitafuta wanaume.

Kipimo cha nia njema, kwa hiyo, ni jinsi tunavyomtendea anayetaka kuuacha mlango huo. Mara ngapi tumesikia mbunge wa viti maalumu, anapotangaza nia ya kugombea jimbo, akiambiwa na wenzake wa chama kwamba “nafasi zenu zipo kule”? Hizo ndizo alama mia moja. Mara ngapi kamati ya uteuzi humpita mwanamke mwenye sifa kwa kuwa “wanawake tayari wamewakilishwa”?

Wengi wenu mnaosoma hapa mtaandika miongozo, au tayari mnaiandika. Kabla ya kupeleka rasimu inayosaidia kundi fulani, itafuteni sentensi inayoanza na neno “isipokuwa”. Kisha ulizeni ni nani anayetajwa baada ya neno hilo, na alifanya nini hadi akatolewa nje.